Raba za Mama Ndeshi

Alhamisi

Mzazi yuko hai, na mtoto pia. Naanza na hilo.

Miezi miwili, mimi fundi mitambo, nimejisifu kwamba nimepitisha simu na kompyuta za hospitali kwenye waya mmoja. Kila asubuhi nampigia Mama Ndeshi, nesi wa wodi ya wazazi. "Shikamoo mama, simu haikusumbui?" "Marahaba. Hainisumbui, baba." Naandika kwenye daftari: simu nzima.

Leo mchana watu wa eksirei walikuwa wanatuma picha kubwa Moshi mjini kwa waya huohuo. Saa hiyohiyo mzazi akaanza kutoka damu. Mama Ndeshi akampigia daktari, sauti ikakatikakatika, daktari hakuambulia kitu. Ikabidi mama wa watu, anayekaribia kustaafu, akimbie kwenye mvua mpaka jengo la pili kumwita.

Nimeshinda kwenye mitambo mpaka jioni. Sasa sauti inapita kwanza, picha zinasubiri. Ni kazi ya nusu saa. Nilijua tangu mwanzo kwamba inatakiwa, nikaona hospitali ndogo kama hii haiwezi kujaza waya. Ujeuri tu.

Nikaenda wodini kuomba radhi. Kumbe simu ilikuwa inakatika karibu kila mchana!

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unauliza kwa furaha, baba. Ningekuvunja moyo vipi?"

Kisha akanionyesha nyuma ya mlango. Raba zake za kukimbilia, bado zimelowa mvua.

"Hizo nimeziweka hapo tangu wiki uliyotufungia simu hizi."