Sauti ya Juu ya Gramafoni ya Mukwe

Siku ya kwanza, 12 Agosti 1957
Asubui nilikaza ngozi ya ngoma ya batu ya Chisenga. Kazi muzuri. Toka hapa mpaka Mofwe hakuna mutu anasikia ngoma kunipita mimi. Kuandika nilijifunza kule Katanga. Masikio nilizaliwa nayo.
Musonda alifika kutoka Kitwe, kule kwa migodi, na gramafoni. Ataoa mutoto wangu Chanda siku ya posho, Jumamosi. Sahani ya muziki ni moja tu, Chanda mwenyewe aliichagua. Bakaniita nisikilize. Nikasema: iko na tumbo, lakini haina meno.

Siku ya pili, 13 Agosti
Mukwe habishani na mimi uso kwa uso. Ni desturi. Basi Kaluba, shibukombe wake, mutu wa kubeba maneno, anakata kiwanja kwenda na kurudi, jasho inamutoka. Musonda anasema tumbo kule mujini inaitwa besi. Nikajibu, tumbo ni tumbo. Akarudi: meno inaitwa trebo, ni sauti ya juu, sawa njuga za miguu, na iko, tena iko safi. Safi ni nini? Akaenda kuuliza. Safi ni kila sauti kusikika peke yake, ingine haiifuniki. Nikasema, safi ni ya sufuria. Njuga haziko mu ile sahani.
Kaluba akakaa chini, akaniita kwa jina la mutoto wangu. "Shi Chanda, miguu yangu itaisha mbele ya haya maneno kuisha."

Siku ya tatu, 14 Agosti
Baridi. Hasira. Kwa soko ya samaki banasema masikio ya Shi Chanda imezeeka. Wajinga.

Siku ya ine, 15 Agosti
Bameleta gramafoni ikae kwangu mpaka ndoa. Nimepiga sahani mara tisa. Tumbo tu. Nimejua sababu. Maji ya ziwa iko mu hewa. Ngozi ya ngoma ikilegea, unaiotesha moto, inakaza, meno inarudi. Nimefanya vile miaka makumi ine. Hapa sauti inatoka mu sahani, basi dawa ni ya sahani. Kesho, BanaChanda, bibi yangu, akienda kuteka maji.

Siku ya tano, 16 Agosti
Imepinda.
Niliigeuza mara mbili tu juu ya makaa. Ikalegea sawa jani la muhogo. Niliikandamiza na jiwe la kusagia, ikakataa. Nimeirudisha mu karatasi yake. Sijaambia mutu. Sikula. Chanda anaimba jikoni, ule wimbo wenyewe.

Siku ya posho, 17 Agosti
Musonda aliweka sahani mbele ya batu bote. Sindano ikapanda, ikashuka, sawa mutumbwi mu mawimbi. Muziki ukalia kama mbuzi. Batu bakacheka. Dada yangu akasema kijana ameokota takataka ya mugodi, na bwana wa takataka atakuwa bwana gani. Chanda akainamisha kichwa. Musonda aligeuza sahani, akaona majivu. Akaniangalia. Aliweza kumutuma Kaluba na neno. Hakumutuma. Alibeba ile aibu mwenyewe, mu shati yake nyeupe.
Nilitaka kunyamaza. Mungu anajua. Nilikaa nikiangalia viatu vyangu. Halafu nikasimama, nikamupita Kaluba, nikaenda mbele ya kijana.
"Musonda, mimi njo niliipeleka kwa moto. Gramafoni haina kosa, na wewe hauna."
Hakuna mutu alicheka. Musonda akapiga magoti. "Nimesikia, Tata. Mukae."
Bamama bakapiga makofi, bakaimba na midomo yao. Ndoa ikaisha muzuri. Chanda alikuja kunishika mukono.

Siku ya Mungu, 18 Agosti
Bameenda. Nyumba imekuwa kubwa.
Nilimuuliza BanaChanda: mbele sahani haijaharibika, alisikia njuga? Akasema kila mara. Ndogo ndogo, juu kabisa. Tamu.
Nikauliza kama kuna ndege huko inje sasa hivi. Akasema wengi.
Tumbo ya ngoma ningali ninaisikia kupita mutu yeyote. Hiyo niandike.
Lakini ndege, hapana. Sijui toka mwaka gani.
Nilimuambia. Hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akaanza kunieleza moja moja vile banalia.