Ruta ya Nikahi ya Nadra

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Hatimaye ruta mpya! Antena sita, kama buibui kalala chali. Ile ya kampuni ya intaneti ipo chini ukumbini, na haifiki kwa Mama juu. Kuta hizi wazee walizijenga zizuie joto — zinazuia na waifai, Mungu awalipe. Mama kavunjika nyonga, ngazi hashuki. Na Ijumaa mdogo wangu Nadra anaolewa huko Maskati! Lazima Mama amuone kwa video.

Baba keshasema: wakala keshampa ami yetu aliye huko amuozeshe, basi. Kuangalia haangalii. Kisa? Nadra kaikubali posa mwenyewe, Baba kaja kuambiwa mwisho, "kama jirani." Tangu Ramadhani hawasemezani.

Jumatano, 8 Oktoba

Kaka Abdulhakim kaja kufunga ruta. Mtaalamu — kaangalia video mbili! Kachomoa ya zamani, kachomeka mpya, kakunja uso kama daktari. Taa nyekundu. Sasa nyumba nzima haina intaneti. Maendeleo.

Nkapiga simu kampuni. Dada mwenye sauti ya asali kaniambia nizime, niwashe. Nkazima, nkawasha. Nyekundu ile ile, ila imepumzika.

Baba kapita: "Bado tu?" Mtu asiyeangalia!

Alhamisi, 9 Oktoba

Kumbe ruta ngeni haipati intaneti mpaka uiingizie jina la mteja na nywila kutoka kampuni. Jana yule dada hakuona haja ya kulisema hilo. Leo kanisomea herufi moja moja, Abdulhakim anaandika kwenye simu yake. Ikakataa. Kaandika tena. Ikakataa. Akasema laini yao mbovu. Nkamnyang'anya simu nkatazama — kaacha nafasi mwisho wa jina. Nkaifuta. Kijani! Mtaalamu akasema ndiyo kwanza alikuwa anataka kuifuta.

Tukavuta waya mrefu mpaka juu ya ngazi, ruta tukaitundika mlangoni kwa Mama. Baba kauruka waya, kanung'unika. Halafu kaniita.

"Amne!"

"Naam, Baba."

"Huko juu sauti nayo inakuja, au picha tu?"

Vyote, nkamwambia.

"Nauliza tu."

Haya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chumbani kwa Mama. Alasiri tushasali. Udi unafuka, Mama kavaa kanga mpya, hatulii. Simu yangu tumeiegemeza kwenye mto. Ami anatuonyesha ukumbi wa Maskati — wanamngoja sheikh. Picha safi, hata miayo yake ami tunaiona.

Baba kaingia! Kanzu imepigwa pasi. Hakutazama mto. Kaninyooshea simu yake: "Niunganishe na mimi."

Nkaingiza nywila. Mama ghafla anatafuta miwani — na huku kaivaa.

Baba kakaa ukingoni mwa kitanda. Kamtafuta Nadra mwenyewe kwa kidole kimoja. Kabonyeza. Video, si sauti tu!

Inaita. Anakohoa. Anaweka kofia sawa.

Inaita bado —