Bwawa Nililoliandikia Hatari Ndogo

Shoga uko wapi?

Unakumbuka lile bwawa la wafugaji nililolikagua miaka minne iliyopita? Nililiweka daraja la hatari ndogo, kwa sababu chini yake palikuwa na malisho tu. Likibomoka, halimuui mtu.

Leo nimerudi. Chini kuna nyumba tano na shule ya chekechea. CHEKECHEA, shoga!

Halafu kwenye kitako cha ukuta wa bwawa maji yanavuja, tena ya tope. Tope maana yake ukuta unaliwa kwa ndani.

Nikampigia bosi. Akasema, "Si uliandika hatari ndogo wewe mwenyewe? Subiri kikao cha Jumatatu."

Jumatatu!!

Nikashuka mbio hadi kwa mwalimu, nikamwambia atoe watoto sasa hivi, tupande kilimani. Akaniangalia juu mpaka chini. "Dada, si ninyi mlisema hapa hakuna hatari? Ndiyo maana tukajenga."

Nikambeba mtoto wa kwanza niliyemwona, nikakimbia. Mwalimu akaita wengine, majirani nao wakatufuata.

Kule kilimani, mwalimu alikuwa anahesabu vichwa mara ya pili ukuta ulipoachia. Shule imekwenda na maji. Yaani haipo.

Watoto wote wapo. Thelathini na wawili. Majirani pia wapo.

Sasa hivi bosi ameniandikia: "Badilisha daraja kwenye faili, weka tarehe ya mwezi uliopita."

Nimemjibu hapana. Faili ibaki hivyo hivyo, na jina langu chini yake.