Gia za Pikipiki ya Pacifique

Yeoville, Johannesburg
Jumapili, 15 Julai 2018

Yaya Arlène, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kwa jina langu pia, maana siku hizi jina la Gradi lina uzito mjini hapa. U mzima? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Watoto bado wanakohoa, au vumbi la Uvira limewahurumia? Mwambie binti yako Gaëlle kwamba mjomba hajasahau viatu vyake. Aache kukua kwanza, kila nikipata namba ya mguu wake anaibadilisha. Sisi huku twashukuru, ila baridi inatutafuna. Julai ya Johannesburg haina mchezo, ukitoka bila glavu vidole vinakuaga kimoja kimoja.

Najua unashangaa kuona barua wakati simu zipo. Lakini simu yako, Yaya, ni redio ya mtaa. Nikituma sauti anasikiliza Mama, anasikiliza jirani, anasikiliza hadi muuza ndagala na kapu lake la samaki. Hii nampa Mama Célestine, anayerudi huko kwa basi, uisome peke yako na mlango umefungwa. Leo ni fainali ya Kombe la Dunia, nyumba nzima imehamia kwa jirani wa chini kutazama mpira, na ndugu yetu Pacifique yuko huko huko. Nimepata nafasi ya kuandika bila mtu kuchungulia. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha njiani, kalamu ikanifuata yenyewe.

Habari ni ya pikipiki. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninayewapelekea watu chakula cha mgahawa, na kuanzia Yeoville hadi Berea hakuna anayenifikia. Fufu yangu inafika bado inatoa moshi. Wasichana wa mapokezi wananijua kwa mlio wa injini kabla sijavua kofia. Ila kwenye robot, taa ya barabarani, nasimama, hata ikiwa ya njano. Sababu utaiona mbele.

Sasa mnyama mwenyewe amezeeka. Anakohoa kuliko watoto wako, anavuja oili, gia zinateleza. Juzi juzi alinizimikia katikati ya barabara kuu, nikamsukuma na fufu ya watu mgongoni, vijana wa pale wakiniuliza kama nampeleka bibi yangu kliniki. Nikawajibu ndiyo, na bibi yenu yuko nyuma anakuja. Lakini nilisukuma mpaka nyumbani.

Fundi wetu ni Salum, mtu wa Tanga, mdomo wake haujawahi kupumzika. Aliifungua, akanyamaza. Yaya, Salum akinyamaza ujue kuna msiba. Akasema silinda imekwisha, gia zimeng'oka meno kama kizee, vipuri vyake havitengenezwi tena, na kwamba mimi dogo nikiendelea kuifufua nitakuwa nafuga maiti. Ana skuta pale gereji, zile zisizo na gia, unazungusha mkono tu inakwenda. Akasema nimwachie yetu aivunje vyuma, nichukue skuta, tutaelewana.

Niliruka kwa furaha, nikampelekea Pacifique habari. Akakataa. Akasema hawezi kuonekana juu ya kitu chenye sura ya choo cha kukalia. Akasema pikipiki itengenezwe, basi. Nikamkumbusha kwamba anayeipanda ni mimi. Akageukia ukuta, na mimi na mdomo wangu wote nikaondoka kwenda kuosha vyombo.

Halafu akasikia Mama Jeannine, shemasi wa kanisa letu. Yeye huombea wagonjwa, huombea makaratasi ya watu, akasema injini itamshinda vipi? Alikuja uani na wamama wa maombi na chupa ya mafuta ya upako. Nikadhani atapaka kidogo kwenye usukani, kama wanavyompaka mtu kwenye paji la uso. Nikaenda kuwaletea viti. Kurudi, nakuta amefungua tangi na kumimina chupa nzima, akisema ugonjwa uko ndani, basi dawa nayo iingie ndani. Mafuta ya zeituni, Yaya! Nilipowasha ilitoa moshi mzito, uani pakanuka kama kuna mtu anakaanga samaki, wamama wakapiga vigelegele wakidhani pepo limetoka. Kisha ikazimika. Haijawaka hadi leo. Salum alinusa kabureta akaniuliza tulikuwa tunapikia chapati humo?

Nilicheka, Yaya. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba mgahawa umenipa hadi mwisho wa mwezi tu, nisipokuwa na chombo wanamchukua kijana mwingine. Chumba tunacholala kinatoka kwenye kazi hiyo.

Ndipo tukakupigia, nawe ukatutumia sauti ukiamua mbele ya watu wote: itengenezwe, pikipiki iliyowalisha haitupwi, na Pacifique akichoka na ofisi aikute. Tangu Papa alipotutoka neno lako ndilo la mwisho, sikubishi. Pacifique ameisikiliza ile sauti yako asubuhi na jioni, anatabasamu. Na mimi nimebaki sina pa kushika.

Sasa kaa chini, Yaya. Pacifique hana ofisi. Tuliwaambia amepandishwa cheo, anakaa tu ndani. Kukaa ni kweli anakaa. Mwaka jana, mwezi wa nane, teksi ilipita robot nyekundu ikambana. Pikipiki tuliinyoosha usukani, ikapona. Mguu wake wa kushoto waliukata hospitalini, juu ya goti. Aliniapisha nisiseme, kwa ajili ya moyo wa Mama.

Ile picha ya Noeli, ambapo amepanda pikipiki na kofia nyekundu, mkasema amenenepa, Salum aliipiga kutoka upande wa kulia. Uliuliza ni mtoto gani ameinama nyuma, anaonekana utosi. Ni mimi. Kila Jumamosi tunaiegemeza kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa juu, namkalisha. Anawasha, anakamata klachi, ananiambia weka ya kwanza, na mimi nimechuchumaa kushoto naisukuma gia kwa mkono. Weka ya pili. Weka ya tatu. Gurudumu linazunguka, amefumba macho, ananiambia sasa tuko Hillbrow, sasa tunashuka mjini. Hicho ndicho anachotaka kitengenezwe.

Salum anasema skuta haihitaji mguu wa kushoto, Pacifique akijifunza angeiendesha mwenyewe. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba skuta ni ya watu waliokatwa miguu.

Nikitengeneza, mwezi utaisha sina chombo na tutalala nje. Nikibadilisha, nitakuwa nimemkata mara ya pili, na safari hii ni mimi mwenye kisu. Mimi niliyewajibu wale vijana wa barabarani, hili nakuletea wewe. Amua upya, Yaya, sasa unajua unaamua nini. Yeye anakusikiliza wewe tu.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilidhani ataacha, kwa kuwa injini imekufa. Akaniita nimkalishe. Akazungusha mkono wa mafuta, injini haikuitika. Nikainama pale pangu nisimwone uso. Baadaye akasema weka ya kwanza. Nikaweka, gurudumu nikalizungusha kwa mkono. Akasema ya pili. Nikaweka. Hakuniambia tumefika wapi.

Nasikia kelele chini, bao limeingia, watapanda sasa hivi. Msalimie Mama, na uso wako usimwambie kitu. Wabusu watoto, nikumbukie majirani wote pamoja na muuza ndagala. Mungu awafunike usiku na mchana.

Ni mimi mdogo wako,
Gradi