Biblia Uliyoirudisha Mezani

Mpendwa Shosho, nyanya yangu,

Kutoka Mwihoko mpaka maporomoko ya Chania hajazaliwa msomaji wa Biblia kama mimi. Maaskofu wangenisikia wangeuza kanzu zao. Niliachia shule Form Two, sawa, lakini cheo ulinipa wewe. Kila jioni ulinikabidhi ile Biblia yako ya zamani: "Soma, mzee wangu." Kwa vile nina jina la guka, babu yangu, uliniita mumeo, nami nikajibu kama mume: "Chai kwanza, mama."

Shosho, Kiswahili cha kile kitabu kilikuwa kigumu kama githeri ya mahindi na maharagwe isiyoiva. Wewe macho yalishindwa na herufi ndogo, mimi nilishindwa na maneno. Nikifika penye mawe, najitungia. Wewe unaitikia "Amina."

Halafu ukaenda fellowship ya akina mama, pale kila mmoja husimama akatoa mstari wake. Ukatoa wangu: usimnyime mjukuu chapati ya pili, kwani safari yake ni ndefu. Wakatafuta, wakacheka mpaka machozi. Ulirudi ukakaa na koti mwilini.

"Wamesema haimo. Nikawaambia mume wangu hawezi nidanganya."

"Wivu tu hao, Shosho," nikakujibu.

Lakini sasa ulitaka Biblia ya kujisomea. Pale dukani Thika, mama muuzaji akafungua mbili ukurasa wa habari ile ile: moja kama yako, nyingine ya lugha nyepesi, herufi kubwa. Ukaweka kidole kwa ile nyepesi. Ukasoma mstari mzima polepole, bila mimi.

"Kumbe ni hivi tu Mungu alikuwa anasema?"

Sijawahi kuona uso wako vile. Nikasema haraka, "Hiyo ni ya watoto. Imepunguzwa. Watakucheka tena."

Ukaifunga, ukairudisha mezani. Mama muuzaji aliniangalia.

Tangu tukuzike, jioni ni ndefu na nyumba imenyamaza. Juzi nilirudi Thika nikainunua. Naisoma na kuielewa, hata mimi na Form Two yangu, na hiyo ndiyo inaniuma.

Pumzika, Shosho. Nimetania kila kitu hapa duniani, hili siwezi. Haikuwa ya watoto. Haikupunguzwa neno. Niliogopa ukijisomea utajua ni mangapi niliyatunga, ndiyo nikakuondolea mkononi kitabu ulichokuwa umeanza kukielewa.

Mjukuu wako