Mashine ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimefuta pedi za gemu kwa spiriti, nimewasha mashine, nimekaa. Hadi jioni wamekuja wateja wachache, wote wa kupoteza muda. Wengine wako ng'ambo ya barabara kwa Deo. Ana mashine mbili za gemu. Mimi moja.

Deo ni mtoto wa shangazi. Mwaka jana aliazima mashine yangu kwa sherehe ya kipaimara ya mwanawe. Akakaa nayo wee, akairudisha inaunguruma kama kinu cha kusaga. Kisha akafungua chumba chake mbele ya mlango wangu, akawaambia vijana wa Kiboriloni kwamba ya kwangu inakufa. Kikulacho ki nguoni mwako. Namchukia.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Nimepakwa majivu asubuhi. Padri kasema tusamehe. Nimemsikia. Mchana nikaenda mjini kuulizia mashine ya pili.

Hela ipo. Ni ya ng'ombe wa mama. Tangu yule wa kwanza afe, mama ananunua maziwa kwa jirani, na nilimwahidi kumpelekea mwingine Old Moshi kabla masika hayajakolea. Sijaamua. Kiboriloni haina wachezaji wa kujaza mashine nne, hilo nalijua. Sitafuti faida. Nataka Deo akae peke yake na pedi zake, aone inavyouma. Hasira hasara, najua. Acha iwe hasara, mradi naye aipate.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kapiga simu. Deo alipanda hadi kwake kuniulizia, mkononi ana jani la isale. Sasa anashuka kuja kwangu.

Mjanja huyu. Mchagga akiletewa isale hana pa kukimbilia, lazima asamehe. Hata waliouliwa ndugu wamesamehe kwa jani hilo. Lakini mpaka likufikie. Nimefunga chumba, nimezima simu, nimekuja kulala kwa rafiki yangu, mtaa wa Mawenzi. Mtu mzima mimi, nakimbia jani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua. Muuzaji hakumaliza hata kueleza. Ilibidi iwe leo, kabla Deo hajanipata. Baada ya isale ingekuwa dhambi, leo bado ni haki yangu.

Nimeiunganisha, nimeweka spika mlangoni, sauti juu. Kwa Deo kumefungwa. Kaogopa. Nimefurahi, sijafurahi hivi siku nyingi.

Jumapili, 9 Machi

Alinisubiri nje ya kanisa na shangazi pembeni. Nikamwamkia shangazi. Deo akanipa isale kwa mikono miwili. "Dada Manka, nilikukosea. Naomba unisamehe." Waumini wote wanatazama. Nimelipokea. Nimesema nimesamehe.

Ndipo akasema anahamia Himo na mashine zake. Chumba kakirudisha kwa mwenye nyumba, vitu alihamisha jana. Hakutaka kuondoka tukiwa na kinyongo, ndiyo maana alinitafuta tangu Ijumaa.

Ningekaa tu mlangoni kwangu Ijumaa, ningeyasikia haya. Wateja wangerudi wote, na hela ya ng'ombe ingekuwepo. Natamani kumpiga mtu. Deo siwezi tena, nimeshamsamehe mbele ya kanisa zima.

Alhamisi, 20 Machi

Mashine moja inatosha. Ya pili nimeifunika kitenge. Muuzaji hataki kuichukua tena.

Jumapili, 23 Machi

Nimepanda Old Moshi. Mvua imeanza. Banda la ng'ombe limefagiliwa, chini kuna majani makavu, na kamba mpya imefungwa kwenye nguzo.

Nimemwambia mama ukweli wote, hata kulala Mawenzi. Hakugomba. Aliuliza kama hiyo ya pili inachezwa. Nikasema hapana. Akaenda bandani, akafungua kamba, akaikunja, akaja kuitundika nyuma ya mlango. Kisha tukakaa jikoni, tukanywa chai ya rangi.