Vikombe vya Mwamini na sombe yangu

Kikombe cha Mwamini kimeng'aa. Kimetoka motoni kinang'aa kama sahani ya dukani, na mimi mama yake nimekishika kwa mikono yangu hii.

Sasa ndiyo nisalimie. Hamjambo wote mnaosoma huku. Ni Jumanne hapa Kasongo, mawingu yamejaa, na roho yangu haitulii.

Mwamini ni binti yangu wa kwanza, nimemsifu hapa mpaka wengine mmechoka. Udongo alifundishwa na bibi yake. Lakini vyungu vya bibi vinatoka jasho: maji yanapoa vizuri, chai inalowesha mkeka. Mwamini akaangalia video kwenye telefone, akajenga tanuru ya matofali nyuma ya jiko, akaanza kutwanga vipande vya chupa mpaka vikawa unga. Unga ule anauchanganya na majivu na udongo mwembamba, anapaka kikombe, anachoma kwa makaa. Moto ukikubali, mchanganyiko unayeyuka na kuwa ngozi ya kioo.

Miezi mingi moto ulikataa. Alhamisi ukakubali kikombe kimoja.

Nilikifunga ndani ya kitenge, nikazunguka nacho mtaa mzima. Halafu nikapiga simu Kabambare, kwa mama ya bwana arusi wa Mwamini. Huyo mama aliwahi kuniambia, "Bibi arusi mwenye matope ndani ya makucha, akifika kwangu ile michezo ataacha." Basi nikamwambia bila kuulizwa: "Mukuje kunywa chai. Kila mutu atakunywa ndani ya kikombe cha mikono ya Mwamini. Kikivuja, mimi mwenyewe nitamwambia aache."

Mwamini hakuwepo. Kazi yake niliiweka rehani kwa mdomo wangu.

Jana asubuhi tukafungua tanuru, vikombe vya wageni ndani. Vimetoka vikavu, vyeupevyeupe, vinakwaruza kama ukuta.

Mtoto hakulia. Alichota majivu kidogo kwenye ndoo yake, akaweka kwenye ulimi. Akaniangalia.

"Mama, hii majivu haina chumvi. Haiumi."

Nikaanza kufagia mbele ya tanuru.

"Mama. Uliichuja?"

Niliichuja. Ijumaa nilikuwa napika sombe, majani yetu ya muhogo, nikaona ndoo nzima ya majivu ya maganda ya ndizi, laini, yamechekechwa. Nikayamwagia maji, nikachuja chumvi yangu ya sombe kama mama alivyonifundisha, nikayakausha juani na kuyarudisha palepale. Nilijua majivu ni majivu. Kumbe ule ukali nilioutia chunguni ndio unaoyeyusha kioo.

"Kwa hiyo vikombe vya wakwe zangu tulivila na sombe," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikuweza kucheka. Ingawa sombe ilikuwa tamu, hilo silifichi.

Jana hiyohiyo nikarudi milango ileile niliyopita na kikombe, safari hii naomba majivu ambayo hayajachujwa. Jirani yangu Mama Riziki alinipimia bakuli huku akinitazama chini mpaka juu. "Juzi ulileta kioo, leo unaomba takataka. Kesho utaleta nini?" Nikapokea, nikashukuru.

Mwamini akavipaka upya vikombe vilevile. Alfajiri ya leo akawasha, tukapokezana kuvuta mivukuto mpaka mikono ikafa ganzi. Sasa tanuru imezibwa, inapoa polepole. Mvua ikigusa matofali haya ya moto, kila kitu ndani kitapasuka. Nimekaa hapa na turubai magotini, naandika kwa kidole kimoja.

"Mama, mkono wako mbali," amenionya kabla ya kwenda kuoga.

Sijafungua. Nimegusa tofali tu. Bado linachoma.

Najiuliza, vikivuja je? Nitamwambia mtoto aache kweli, mikono ile?

Hapana. Nimeshaamua. Vikivuja, nitasimama mbele ya huyo mama wa Kabambare niseme ile ahadi ilikuwa yangu, na majivu niliyaharibu mimi, na binti yangu atahama na tanuru yake au hatahama. Kusema mbele za watu najua. Tatizo langu ni kusema maneno yanayonishusha.

Tone moja limenianguka mkononi. Natandaza turubai.

Watu wa Kabambare wamesema wameshapata pikipiki. Ijumaa, baada ya sala, wote watakuwa hapa kwenye mkeka wangu, wanangoja chai.